Pipa la kubanikia nyama halitulii joto: nirekebishe vipi njia za hewa?

Mkaazi wa Tudor (Jumapili, saa 3:40 usiku)

Assalaam aleikum ndugu zangu. Naomba msaada wa wale waliokwisha kupambana na pipa la moshi, maana langu limenishinda. Miezi mitatu iliyopita nilipata pipa la chuma la lita 200 lililokuwa limebeba juisi nzito ya maembe, nikampelekea fundi mmoja wa kuchomelea anitengenezee jiko la kubanikia nyama kwa moshi, mfano wa yale wanayotumia Wamarekani. Alilitoboa matundu manne upande wa chini, kila moja la upana wa milimita 25, akayawekea vibamba vya kutelezesha; juu ya kifuniko akachomelea bomba moja la moshi, nalo ni la milimita 25 vilevile; na wavu wa makaa akauweka vidole viwili tu juu ya sakafu ya pipa. Kwa kulitazama ni kazi safi, na wageni hulisifu.

Taabu ni joto lake. Jumamosi iliyopita niliweka kidari cha ng'ombe cha kilo 4. Nilimwaga karibu nusu debe ya makaa, nikayawasha yote hadi yakawa mekundu, ndipo nikafunika. Baada ya saa moja kipimajoto cha kwenye kifuniko kilisoma nyuzi 165, nikafunga vibamba vyote vya chini, lakini joto likaendelea kupanda polepole kana kwamba sikufanya kitu. Nilipoona hivyo nikaliziba bomba la moshi kwa kopo. Hapo joto lilishuka hadi nyuzi 80, na moshi mweupe mzito ukaanza kutoka kandokando ya kifuniko, pote kwa pote. Nikafunua nitazame kuna nini, moto ukaruka, na nilipofunika tena kipimajoto kikasoma 180. Siku nzima ikawa ni hivyo, na ilipofika saa 8 mchana moto ukafa wenyewe, ilhali makaa mengi yalikuwa bado yamo, yamefukiwa na majivu.

Nyama ilitoka nyeusi, yenye kunata, na ukali unaotia ganzi ulimi. Mke wangu, ambaye si mtu wa kulaumu chakula, alikula vipande viwili akaomba maji.

Je, niongeze matundu ya chini? Nitie feni ndogo? Au kosa ni la upepo, kwa kuwa ua wangu uko wazi na wakati huu upepo wa kusi unapiga moja kwa moja?

Mzee wa Matanuri (Jumatatu, saa 1:15 asubuhi)

Wa aleikum salaam, mwanangu. Usiusingizie upepo kabla hujalikagua pipa. Nimefanya kazi na matanuri kwa miaka mingi, na uliyoyaeleza ni maradhi mawili yaliyokutana: makaa mengi yaliyowashwa kwa mpigo mmoja, na moshi usiokuwa na pa kutokea.

Nianze na moshi. Hewa iliyomo ndani ya pipa kwa nyuzi 115 ni nyepesi kwa takriban moja ya tano kuliko hewa ya nje ya nyuzi 30, na kwa sababu hiyo hupanda. Inapopanda na kutoka juu, huvuta hewa nyingine mbichi kupitia chini. Mvuto huo ndio feni yako, wala huna haja ya kununua nyingine. Sasa tazama fundi alivyokufanyia. Uwezo wa tundu kupitisha hewa hufuata eneo lake, nalo hukua kwa mraba wa upana. Tundu la milimita 25 lina eneo la karibu sentimita 4.9 za mraba, kwa hiyo matundu yako manne ya chini yana karibu 19.6, huku bomba lako la juu lina 4.9 peke yake, yaani robo. Mlango wa kuingilia ni mara nne ya mlango wa kutokea. Bomba moja la milimita 50 lingekuwa na eneo sawasawa na matundu yote manne, na hilo ndilo ninalokushauri uweke: likate la zamani, uchomelee la milimita 50, la urefu wa sentimita 30 hivi, kwa sababu urefu nao huongeza mvuto.

Bomba hilo likishawekwa, usilizibe tena nyama ikiwa ndani. Ulipoweka kopo juu yake hukupunguza moto tu, uliunyima pumzi. Makaa na vipande vya kuni vinapokosa hewa ya kutosha huungua nusunusu. Gesi na lami ambazo zingemalizwa na moto hubaki ndani ya moshi, moshi huo mzito huzunguka ndani ya pipa bila kutoka, hupoa juu ya nyama na kuacha kreosoti. Ule weusi wa kunata na ile ganzi ya ulimi ndiyo hiyo. Moshi unaoutaka ni mwembamba, wenye rangi ya buluu kwa mbali, ambao ukisimama hatua tano huenda usiuone kabisa.

Joto linaongozwa kutoka chini. Na hapa ndipo vibamba vyako vinapokusaliti, kwani ulivifunga vyote na joto likaendelea kupanda, maana yake hewa inaingia kwingine. Fanya jaribio hili usiku pipa likiwa baridi: weka tochi yenye mwanga mkali ndani, funika, uzime taa zote za nje, kisha uzunguke pipa polepole. Panapopenya mwanga ndipo panapopenya hewa. Nina yakini utaona mstari mzima chini ya kifuniko na nyufa pembeni mwa kila kibamba. Ukingo wa kifuniko uwekee kamba ya nyuzi za kioo inayostahimili moto, ile inayozungushwa kwenye milango ya majiko makubwa, na utie vibanio viwili vya kukikaza. Ukiikosa kamba siku ya kwanza, hata unga uliokandwa utafaa, kama tunavyoziba sufuria ya biriani.

Vibamba viondoe. Tundu moja lichomelewe kabisa. Mawili yatiwe shingo fupi zenye hesi na vizibo vya kukaza kwa mkono. La nne lifungie bomba la chuma lenye koki ya robo mzunguko; ukipenda lipandishe bomba hilo nje ya pipa hadi usawa wa kiuno na koki uiweke huko juu, usilazimike kuinama kila mara. Mimi nilifanya hivyo kwa ajili ya magoti yangu. Hapa nina onyo moja: kitu chochote kilichopakwa zinki kisikae ndani ya pipa karibu na makaa, kwani zinki ikiunguzwa hutoa mvuke unaomtia mtu homa na kifua. Ndani ni chuma cheusi peke yake.

Kuhusu makaa kufukiwa na majivu, dawa ni kapu. Tengeneza kapu la waya mzito wa matundu, upana sentimita 35 na kimo 25, lenye miguu ya sentimita 10, ili majivu yaanguke chini ya usawa wa matundu na hewa iendelee kupita kwenye makaa. Yachekeche makaa kabla ya kuyatia, uziondoe chenga, maana chenga hujaza nafasi baina ya makaa na kuiziba hewa kama mchanga katika mfereji.

Mwisho ni namna ya kuwasha. Ukiwasha nusu debe yote umeshawasha tanuri, na hakuna koki itakayoituliza upesi. Lijaze kapu kwa makaa ambayo hayajawashwa, fanya shimo katikati, kisha weka humo vipande 12 hadi 15 vilivyokolea. Moto utakwenda ukila pembeni taratibu kwa saa nyingi. Wamarekani huiita njia hii kwa jina la Jim Minion, mmoja wa washiriki wa mashindano yao ya kubanika nyama. Mafuta ya taa yasikaribie kabisa. Ladha yake haitoki.

Acha matundu yote matatu wazi mpaka ufike nyuzi 90, halafu ukaze kizibo kimoja. Nyuzi 100, ukaze cha pili, na kuanzia hapo uongoze kwa koki tu. Uanze kufunga ungali unapanda, kwa sababu joto lililopita kiwango ni kazi kubwa kulirudisha. Na kila ukigusa koki, ngoja dakika 15 kabla ya kuigusa tena. Wengi hushindwa hapo: wanafunga, hawaoni mabadiliko kwa dakika tatu, wanafunga zaidi, kisha moto unazimia wote.

Mama Jodari (Jumatatu, saa 5:05 asubuhi)

Mzee amemaliza mengi, nami nitaongeza ya upande wangu, kwa kuwa nabanika samaki huku Likoni kwa kuuza.

Mwanangu, upepo nao una lake. Kama koki yako inatazama kusini wakati huu wa kusi, upepo unaingia ndani kama mvukuto na joto hupanda bila wewe kugusa chochote. Ukija msimu wa kaskazi, pipa lililokuwa limetulia litaanza fujo mpya kwa sababu upepo umegeuka. Mimi huzungusha pipa kufuata msimu, koki ikae upande usiopigwa, na husimamisha kipande cha bati hatua moja kutoka hapo. Bati lisigusane na pipa.

Jambo la pili ni unyevu. Makaa ya gunia lililokaa wazi hapa pwani hunyonya maji ya hewani, na ukiyawasha yanatoa mvuke na moshi mweupe mwanzoni hata kama njia za hewa ni sahihi. Yaanike juani asubuhi nzima, kisha uyahifadhi katika ndoo yenye kifuniko. Kuni za kutia ladha ziwe kavu kabisa, kipande cha ukubwa wa ngumi, viwili au vitatu kwa nyama yote. Mkwaju, mpera, mwembe na mkorosho vyote nimevitumia na vinafaa. Mbao za makasha na zilizopakwa rangi au dawa usiziguse. Mikoko nayo iache ufukweni.

Kwa samaki joto ni la chini zaidi. Vipande vyangu vya jodari huvilaza kwenye maji ya chumvi, huvipangusa na kuviweka mbele ya feni mpaka uso unate kidogo kidoleni, ndipo naviingiza kwenye nyuzi 80. Ukiona samaki anatoa majimaji meupe yanayoganda juu yake, joto lilipanda haraka mno. Katikati ya kipande ifike nyuzi 63.

Kijana wa Bamburi (Jumatatu, saa 2:30 usiku)

Shikamoo Mzee, shikamoo Mama. Kaka wa Tudor, kabla hujakata chuma chochote, kihakikishe kwanza hicho kipimajoto. Vile vya saa vya bei nafuu hudanganya sana. Kichovye ncha katika maji yanayochemka. Sisi tuko usawa wa bahari, kwa hiyo kinapaswa kusoma 100 (Nairobi kingesoma kama 94, kwa sababu ya mwinuko). Changu kilisoma 118, na mwaka mzima nilikuwa nikijiona fundi. Isitoshe, kipimajoto cha kwenye kifuniko hakipimi pale nyama ilipo. Toboa tundu dogo ubavuni, usawa wa kichanja, upitishe ncha ya kipimajoto cha waya, isigusane na chuma wala nyama.

Na uangalie vipimo vya mapishi ya Wamarekani. Wakisema 225 hadi 250 wanakusudia farenhaiti, ambazo kwetu ni nyuzi 107 hadi 121. Nilishawahi kupeleka kuku kwenye 225 zetu. Sitasimulia zaidi.

Kuna jambo moja ambalo Mzee hakuligusa, nalo ni kizuizi baina ya moto na nyama. Mimi huweka karai la maji juu ya kapu, kwenye kichanja cha pili. Maji hayawezi kupita nyuzi 100, hivyo hunyonya joto la ziada na kulituliza pipa zima, na hata koki ikikosewa kidogo hakuna madhara makubwa.

Mzee wa Matanuri (Jumatatu, saa 3:10 usiku)

Marahaba, mwanangu. Kuhusu kipimajoto nakuunga mkono. Kuhusu karai sikatai, ila nasema mtu ajifunze kwanza bila maji. Maji hula joto, na ili kuyachemsha utafungua hewa zaidi na kuchoma makaa zaidi. Kisha yakikauka bila wewe kujua, moto uliouzoesha hewa nyingi utapaa ghafla. Mimi hutumia karai lenye mchanga mkavu lililofunikwa karatasi ya foili. Hushika joto bila kulila, na hukinga mafuta yasidondokee makaa.

Mama Jodari (Jumatatu, saa 3:25 usiku)

Kwa samaki, maji. Kwa nyama, fanyeni mtakavyo.

Mkaazi wa Tudor (Jumapili iliyofuata baada ya majuma mawili, saa 4:00 usiku)

Ndugu zangu, narudi na habari, na nawashukuru nyote.

Jaribio la tochi nililifanya usiku ule ule. Nililizunguka pipa na mtoto wangu, naye akacheka kwamba tumetengeneza taa ya Idi: mwanga ulitoka ukingo wote wa kifuniko isipokuwa upande wa bawaba, na kila kibamba kilikuwa na upenyo wa kuingiza ukucha. Kipimajoto nacho, katika maji yanayochemka, kilisoma 91, kwa hiyo zile 165 zangu huenda zilikuwa zaidi. Nilipata fundi mwingine akafanya yote kama Mzee alivyoagiza, na koki tukaipandisha kiunoni. Kamba ya moto sikuipata ya kutosha. Nusu ya ukingo ni kamba na nusu ni unga.

Jana niliwasha saa 12:30 asubuhi, vipande 14 katikati ya kapu lililojaa. Saa 1:20 ilikuwa nyuzi 92, nikakaza kizibo cha kwanza. Dakika kumi baadaye 101, nikakaza cha pili na koki nikaiacha nusu. Ilipanda hadi 124, nikashikwa na hofu na mkono ukaanza kuwasha, lakini nilikumbuka zile dakika 15, nikaifunga koki hadi robo na kwenda kunywa chai. Niliporudi ilikuwa 114. Saa 2 kamili nikaweka kidari, kilo 4 kama kile cha mwanzo, juu ya karai la mchanga. (Kijana wa Bamburi, samahani, Mzee ni mzee.) Tangu hapo mpaka jioni joto lilicheza baina ya 108 na 120, nami niliigusa koki mara tatu tu. Ila saa 6 ilipiga mvua ya ghafla, pipa likaroa na kushuka hadi 101. Nilifungua koki nusu likarudi baada ya dakika ishirini hivi.

Kulikuwa na jambo moja la kunitisha. Joto la ndani ya nyama lilipanda vizuri hadi 68, kisha likasimama. Lilisimama pale pale kwa zaidi ya saa mbili, ilhali pipa halikupungua. Nilitaka kuongeza moto lakini nikajizuia. Baadaye likaanza kupanda lenyewe, na saa 10:30 jioni lilifika 94, uma ukaingia bila kusukumwa. Je, lile ni kosa la hewa?

Na swali jingine: nilipomaliza nilifunga koki na kuliziba bomba, na leo asubuhi nimekuta zaidi ya nusu ya makaa yamebaki kapuni. Yanatumika tena?

Mke wangu alikula, na hakuomba maji.

Kijana wa Bamburi (Jumapili, saa 4:20 usiku)

Hongera, kaka. Kule kusimama si kosa la hewa. Nyama inapofika kati ya nyuzi 65 na 75 hutoa unyevu mwingi juu ya uso wake, na unyevu ukigeuka mvuke huipoza nyama kwa kasi ileile ambayo moto unaipasha. Ni kama mtungi wa udongo unavyopoza maji: unatoka jasho, na jasho ndilo linalopoza. Jasho likikauka, joto hupanda tena. Asiye na subira huifunga nyama kwa foili wakati huo, na kweli hufupisha muda, ila ganda la nje hulainika.

Mzee wa Matanuri (Jumatatu, saa 12:50 asubuhi)

Mwanangu, makaa yaliyobaki yanatumika, na hiyo ndiyo dalili kwamba pipa lako sasa linafungika. Lingekuwa bado linavuja ungekuta majivu. Yatikise kapuni chenga zidondoke, ongeza mapya juu yake, na shimo la katikati lifanye upya. Ila usiyatie mkono asubuhi kwa kuyaona meusi, yamwagie maji kidogo pembeni kwanza au ngoja mpaka mchana, kwani kaa moja lililojificha hukaa hai usiku kucha. Kwa sababu hiyohiyo pipa lisiingizwe ndani ya nyumba wala barazani palipofungwa hata kama unadhani limezimika. Hewa ya sumu ya makaa haina rangi wala harufu.

Majivu yatoe leo. Yakikaa na unyevu wetu huu wa chumvi hula sakafu ya pipa. Ukishayatoa, lipake pipa mafuta ya kupikia kwa kitambaa, nje na ndani, lingali na uvuguvugu. Na ile nusu ya unga kwenye ukingo ibandue kabla panya hawajaiona.